Waya wa Ardhi

Mashimba hakusalimia. Alilisimamisha gari lake mlangoni kabisa mwa kibanda, bampa likasukuma benchi la wateja, akaacha injini inaunguruma na redio inaimba, akateremsha kioo na kusema, "Njoo usikilize upuuzi wako."

Mihayo, fundi redio wa Buzuruga, aliweka bisibisi chini akatoka. Ndani ya gari kanda ya kwaya ilikuwa inazunguka, na juu ya sauti za akina mama wa kwaya kulikuwa na mluzi, mwembamba na mkali, usiopumua. Mashimba alikanyaga mafuta, mluzi ukapanda. Aliachia, ukashuka. Alikanyaga tena na tena, makusudi, macho yakiwa usoni kwa fundi, ili fundi asikose kuelewa anayetukanwa ni nani.

"Mzee, gari lako linaita ng'ombe," alisema Dorcas, mama wa Kikerewe aliyekuja na meli kutoka Nansio miaka minne iliyopita na tangu hapo akawa anauza chai na mihogo ya kuchemsha ubavuni mwa kibanda.

Wanywa chai wawili walicheka, na kicheko chao kikaharibu siku nzima. Mashimba alikuwa mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale waliofunguliwa mlango serikali iliporuhusu watu binafsi kununua zao hilo. Kwa misimu miwili tu alikuwa amepata kitambi, nyumba ya vigae na hilo gari jeupe la kutoka Japani. Lakini watu wa Buzuruga walikuwa wanajua kwamba alichunga ng'ombe wa wenyewe kule Magu mpaka ndevu zikamwota, na neno lolote lenye harufu ya zizi lilimchoma kama kaa la moto. Sasa gari lake mwenyewe lilikuwa linampigia mluzi wa machungani katika kila kituo cha mafuta.

Alizima injini akashuka.

"Kabla sijaja kwako, gari hii ilikuwa kimya," alisema. "Umenifungia hiyo ampli yako, imeanza kupiga miluzi. Jumamosi napokea wageni wa pamba kutoka Dar. Nikisikia mluzi Jumamosi asubuhi, hili banda lako nalivunja kabla sijaenda kuwapokea. Nakuja na vijana wawili na nyundo. Kiwanja ni changu, na wewe unajua."

"Najua," alisema Mihayo.

Alijua vizuri kuliko alivyotaka. Kiwanja hicho, hatua thelathini kwa arobaini kando ya barabara, karibu na stendi, kilikuwa cha kaka yake, Revocatus, karani wa mizani wa chama cha ushirika. Revocatus alifariki mwaka tisini na mbili. Siku ya matanga, watu wakiwa bado wana majivu kwenye nguo, Mashimba alisimama akasema marehemu alimuuzia kiwanja kabla hajalazwa, na maandishi yako kwa balozi wa nyumba kumi. Mjane, Teodora, akasema ni uongo, mume wake hakuuza hata jiwe la kiwanja hicho. Wazee wakamgeukia Mihayo, mdogo wa marehemu, wamsikie. Mihayo akasema wanaume huuza vitu bila kuwaambia wake zao, na kwamba shemeji yake aache kusema uongo mbele ya msiba. Basi likaisha hapo.

Wiki iliyofuata Mashimba alimwita pembeni. Mihayo alikuwa ndiyo kwanza amepunguzwa kazi kwenye karakana ya shirika la umma alikotumikia miaka kumi na mitano, hana pa kuweka hata sanduku la vifaa. "Wewe ni ndugu wa marehemu," Mashimba alimwambia. "Jenga kibanda chako pale mbele, sitakudai kitu." Mihayo akajenga. Teodora akahamia kwao Kisesa na watoto, na tangu siku hiyo, miaka minne sasa, wawili hao hawakusalimiana. Mihayo alikuwa amejiambia mara nyingi kwamba kibanda na maneno aliyoyasema matangani ni mambo mawili yasiyohusiana. Karatasi ya mauziano hakuwahi kuomba aione.

"Niachie ufunguo," alisema.

"Nikuachie gari uifanye nini? Nakaa hapa hapa nakuangalia."

Akavuta benchi la Dorcas, akaketi akitazama gari, akaagiza chai, na mguu wake mmoja ukawa unatikisika bila kupumzika.

Mihayo alikuwa fundi kweli, hilo hata adui zake walikiri, na adui hakuwakosa. Mdomo wake ulikuwa mchungu na Kiswahili chake kilikuwa cha kuudhi. Mkufunzi wake wa karakana alikuwa mtu wa enzi zile ambapo kila ofisi iliagizwa izungumze Kiswahili, naye aliitii amri hiyo kuliko walioitoa. Ampli iliitwa kikuza sauti. Spika iliitwa kipaza. Ule waya mweusi unaokwenda kushika bodi ya gari, ambao mafundi wote kuanzia Mwanza mpaka Musoma wanauita ethi, kwake uliitwa waya wa ardhi, na mwanafunzi aliyeteleza ulimi akasema ethi alifagia karakana wiki nzima. Mihayo alifagia mara moja tu. Sasa shirika lilikuwa limeuzwa, mkufunzi amekufa, amri imesahaulika, redio za Dubai zimejaa mji mzima, na Mihayo bado alikuwa anasema ardhi. Vijana wa redio wa pale stendi walimwita Profesa, na hawakumaanisha sifa.

Alianza kazi akiwa na hasira, ambayo si mwanzo mzuri wa kazi ya redio.

Kwanza aliwasha redio bila kuwasha injini. Kwaya ikaimba safi, kila neno likasikika. Akawasha injini, mluzi ukaja. Akakanyaga mafuta, mluzi ukapanda pamoja na injini. Basi mluzi ulikuwa unatoka kwenye altaneta, ile mashine inayochaji betri. Hapo alipata jina la anayepiga mluzi, lakini hakujua bado mluzi unapita mlango gani.

Akachomoa waya wa antena. Mluzi haukujali.

Akapunguza sauti ya redio mpaka mwisho. Kwaya ikanyamaza, mluzi ukabaki vile vile, haukupungua hata chembe. Hapo Mihayo alitikisa kichwa. Kama mluzi ungekuwa unaingilia kwenye redio, ungepungua pamoja na kwaya. Kumbe ulikuwa unaingia baadaye, huko nyuma, ndani ya buti, alikokifunga kikuza sauti kwa mikono yake mwenyewe wiki mbili zilizopita.

"Bado?" aliuliza Mashimba kutoka kwenye benchi.

"Bado."

"Na mimi nasema hivyo hivyo. Bado."

Mihayo alifungua buti akapiga magoti. Alichomoa nyaya mbili nyembamba zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, na mluzi ukakatika. Alizirudisha, ukarudi. Akakata waya mnene kutoka kwenye rola lake, akafunga ncha moja kwenye hasi ya betri, akaupitisha nje ubavuni mwa gari mpaka nyuma, na ncha ya pili akaigusisha kwenye bodi ya kikuza sauti. Mluzi ukafa palepale. Akaondoa waya, ukafufuka. Akagusisha, ukafa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitabasamu, ingawa hakukuwa na wa kumtabasamia.

Alifungua skrubu ya waya wa ardhi, ile iliyoshika sakafu ya buti, akainua waya na kutazama. Rangi nyeupe ilikuwa inang'aa chini ya waya kama siku ilipotoka kiwandani. Waya ulikuwa umekalia rangi na haukugusa bati hata kidogo, na skrubu yenyewe ilikuwa imeshika kwa ncha tu. Umeme ni kama mtu yeyote mwenye safari, lazima uende na urudi, na ndani ya gari njia ya kurudia ni bodi lenyewe. Ukiziba njia hiyo kwa rangi, umeme hautakaa kungoja ruhusa. Utapita njia za panya. Huu wa Mashimba ulikuwa unarudi kwa kupita kwenye nyaya za sauti, umebeba kelele zote za altaneta.

Kisha Mihayo alikumbuka siku ya kufunga, na tabasamu likaisha. Siku hiyo alikuwa ameshika msasa, anataka kukwangua rangi sehemu ndogo, upana wa shilingi tu. Mashimba akamshika kiwiko. "Ukiikwaruza gari yangu, nakukwaruza wewe," alimwambia. Naye Mihayo, fundi wa miaka kumi na mitano, akaogopa. Akafunga juu ya rangi, akajidanganya kwamba skrubu itang'ata bati yenyewe. Alijichukia kwa hilo, na alimchukia Mashimba zaidi, na chuki zote mbili zilikuwa tayari mdomoni alipoinuka na kwenda kusimama mbele ya benchi huku mikono yake ikiwa imejaa grisi.

"Nimeona," alisema. "Tatizo lako ni ardhi."

Mashimba alikuwa ameinua kikombe. Hakukifikisha mdomoni.

"Umesema?"

"Ardhi, mzee. Siyo nzuri. Tangu mwanzo ilikaa vibaya."

Mguu uliokuwa unatikisika ulitulia. Mihayo aliliona hilo, akadhani mtu anamsikiliza kwa mara ya kwanza maishani mwake, na maneno yakamtoka kwa raha.

"Ukiangalia juu unaona safi, inang'aa, kila mtu anasifia. Chini haijashika kitu. Na mimi siku ile niliona kabisa kwamba hapa hapako sawa, nikanyamaza kwa sababu ulinitisha. Leo sinyamazi. Hiyo kelele unayoisikia inatoka hapo hapo, na itaendelea mpaka pakwanguliwe, tufike chini kabisa."

"Nani amekutuma?" Sauti ya Mashimba ilikuwa imeshuka, karibu ya kunong'ona.

"Anitume nani? Nimetazama kwa macho yangu."

"Umeiona karatasi?"

Mihayo alifikiri anaulizwa kuhusu karatasi ya maelezo iliyokuja ndani ya boksi la ampli, ile yenye michoro na Kijapani kingi. Alichukia mafundi wa kusoma karatasi.

"Karatasi ya nini?" alisema kwa dharau. "Karatasi hata mjinga anaandika. Mimi natazama kitu chenyewe."

Mashimba alisimama. Kikombe kilianguka, chai ikamwagika kwenye suruali yake, hakuitazama.

"Kidole ni chake," alisema. "Nenda kwa balozi, nenda kwa mkuu wa wilaya, nenda unakotaka wewe na huyo Teodora wako. Kidole ni cha Revocatus. Balozi alikuwepo pale wodini, alishuhudia. Hata kama mgonjwa alikuwa hajitambui, kidole ni chake, siyo cha kwangu. Ardhi ile ni yangu kwa kidole hicho, na hakuna fundi redio wa kuja kunikwangua."

Wanywa chai walikuwa wameacha kunywa. Dorcas alisimama na upawa mkononi. Ndani ya gari injini ilikuwa bado inaunguruma.

Maneno yalichukua muda kumfikia Mihayo. Yalikuja moja moja. Kidole. Wodini. Hajitambui. Revocatus alikuwa karani miaka kumi na miwili. Sahihi yake ilijulikana katika kila ghala la pamba, ilikuwa na mkia mrefu unaorudi chini ya jina lote, na wakulima walikuwa wanamtania kwamba anamaliza wino wa ushirika kwa kujiandika. Mtu yule hakupata kutia dole gumba mahali popote. Na wiki yake ya mwisho alikuwa hamtambui hata mama yake mzazi.

"Mzee Mashimba," alisema Mihayo taratibu. "Mimi nilikuwa nasema waya."

"Waya gani?"

"Waya wa ardhi. Wa gari. Uko kwenye buti. Wenzangu wanauita ethi."

Kwa muda Mashimba alimtazama kana kwamba mbele yake anasema mtu wa nchi nyingine. Kisha alilitazama buti lililo wazi, na ile skrubu iliyolala sakafuni, halafu akawatazama wanywa chai, mmoja baada ya mwingine. Mtu anayejua kupiga hesabu za pamba hachelewi kujua amepoteza nini. Uso wake ulikwajuka.

"Ethi," alisema. "Si ungesema ethi."

Mmoja wa wanywa chai aliweka kikombe chini polepole akaondoka bila kugeuka nyuma, na wa pili akamfuata.

Mashimba aliketi tena. Alipozungumza alikuwa na sauti nyingine kabisa, ya mtu anayepanga bei.

"Tusiharibiane siku, Mihayo. Mambo ya marehemu ni ya marehemu. Wewe kaa na kibanda chako. Ile habari ya Jumamosi ilikuwa hasira tu. Kaa mwaka huu, kaa na mwakani. Ukitaka kuondoa mabati ujenge kwa tofali, jenga. Nakuandikia leo hii, kipande hiki cha mbele ni chako wewe na watoto wako."

Mihayo alirudi kwenye buti, akapiga magoti, akachukua msasa.

Nitasema ukweli juu yake, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakuuficha. Muda wote aliokuwa anakwangua, alikuwa mtu wa kununuliwa. Aliziona tofali. Aliuona mlango wa chuma na kufuli, na rafu za kuwekea redio za wateja zisinyeshewe. Alijiuliza Teodora atapata faida gani sasa, miaka minne imeshapita, ameshazoea Kisesa. Alijiambia kwamba asiposema yeye, hakuna mwingine atakayesema. Kisha rangi nyeupe ikaisha chini ya msasa, bati likatokea, na akaendelea kukwangua kupita ilivyohitajika, mpaka vidole vikauma. Mashimba alikuwa amesimama nyuma yake anaangalia rangi ya gari lake ikitoka, naye hakuthubutu kusema neno. Ukimya huo ndio uliomchukiza Mihayo. Wiki mbili zilizopita alitishiwa kwa mkwaruzo wa upana wa shilingi, na sasa angeweza kulikwangua gari zima mpaka usukani na mwenyewe angemshukuru.

Alifunga waya kwenye bati tupu, akakaza skrubu, akaenda mbele, akapandisha tena sauti ya redio, akakanyaga mafuta kwa nguvu. Kwaya iliimba. Injini ilinguruma huko nje kama kawaida yake, na ndani ya vipaza hapakuwa na mluzi.

"Limepona," alisema.

"Na lile jingine? Tumeelewana?"

"Toa gari lako kwenye kiwanja cha shemeji yangu."

Mashimba alimsogelea mpaka Mihayo akasikia harufu ya chai kinywani mwake. "Jumamosi," alisema. "Siji na vijana wawili. Nakuja na sita." Akaingia garini, akarudi nyuma bila kutazama, benchi la wateja likavunjika mguu.

Mihayo alimgeukia Dorcas. Mama huyo alikuwa anaokota vipande vya kikombe.

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Utasema mbele ya baraza la kata?"

"Nitasema," alijibu Dorcas bila kuinua kichwa. "Hata mimi biashara yangu iko kwenye kiwanja hiki, lakini nitasema. Ila na wewe usijione shujaa, baba. Miaka minne umekaa hapa na hukuuliza. Mimi muuza mihogo nilikuwa najiuliza."

Mihayo alipanda gari la Kisesa mchana huo huo. Njia nzima alipanga maneno, na katika kuyapanga alianza kujisikia vizuri, kama mtu anayepeleka zawadi. Alimwona Teodora akilia kwa furaha. Alijiona yeye mwenyewe akisamehewa kabla hata hajaomba, chakula kikipikwa, kuku akikamatwa.

Teodora alikuwa ameketi chini, uani kwa kaka yake, anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Alimwona shemeji yake akiingia, kisu hakikusimama. Binti yake mkubwa, Hellen, msichana wa miaka kumi na saba, alitoka jikoni akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama."

Hellen aliingia ndani akatoka na kiti. Alikuwa anakiweka chini mama yake aliposema, "Ngoja kwanza." Msichana akabaki amekishika, miguu ya kiti ikining'inia hewani, hajui akipeleke wapi.

Mihayo akasimulia amesimama. Hakuacha kitu, hata habari ya waya, ingawa aliona haifai kuchekesha mahali hapo. Alisimulia vitisho, neno la ardhi, kidole, wodi, balozi, wanywa chai, Dorcas. Alipomaliza, Teodora alikuwa amekata viazi vinne na anamenya cha tano.

"Kidole gani?" aliuliza.

"Hakusema. Nadhani gumba."

"Gumba la kulia," alisema Teodora. "Lilikuwa na wino. Nilimkuta nalo jioni ile nilipompelekea uji, nikaliosha kwa maji ya moto, halikutoka. Alizikwa nalo. Hiyo siyo habari mpya, fundi. Hiyo niliisema matangani. Nilisema mume wangu ametiwa wino wodini akiwa hajitambui. Niliwaambia wote, na wewe ulikuwa umekaa mbele."

Mihayo alikuwa amesahau. Au tuseme alikuwa amejisahaulisha, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote ya redio. Sasa ilimrudia yote: turubai, akina mama waliokaa kwenye mikeka, yule mwanamke mwenye khanga kichwani akionyesha kidole chake mwenyewe ili wazee waelewe. Ikamrudia na sauti yake yeye, na kicheko cha watu.

"Baraza linakaa Ijumaa," alisema kwa haraka, ili mazungumzo yasifike kwenye kicheko hicho. "Nitasimama niseme. Dorcas pia. Kiwanja kitarudi, shemeji."

"Kikirudi, kibanda chako hakitakuwepo pale."

"Najua." Na kweli alijua. Alikuwa amelijua tangu alipoweka msasa chini. "Kesho asubuhi nakibomoa mwenyewe, kabla ya baraza. Asije mtu akasema nashuhudia ili nibaki."

Hilo lilimfanya Teodora ainue macho, mara moja tu. Halafu akayashusha.

"Siku ile niliposema habari ya wino," alisema, "wewe ulijibu nini?"

"Shemeji, yale yamepita."

"Kwako yamepita. Mimi yalinihamisha na watoto watatu kwenye roli la kuni. Ulijibu nini? Sema, Hellen asikie. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, akaambiwa kwamba baba yake aliuza."

Kuku walikuwa wanachakura kwenye maganda. Mihayo alimtazama Hellen, mwenye paji la uso la Revocatus na ile namna yake ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na akatamani Mashimba angekuja sasa hivi na vijana wake sita na nyundo zao.

"Nilisema," alianza, akakwama, akaanza upya. "Nilisema karani haishiwi wino vidoleni. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka."

Teodora aliendelea kukata. Hellen alibaki amesimama kidogo, anamtazama baba yake mdogo, kisha akakiinua kile kiti vizuri, akakirudisha ndani.